Kituo ni cha wazazi, ruzuku ni ya serikali: nani wa kujibu mambo yakiharibika?

*Mtoto wangu wa miezi kumi na minne analelewa mchana katika kituo kisichoendeshwa kwa faida. Wazazi ndio tunaochagua kamati. Serikali inatoa leseni na sehemu ya fedha. Kwa miezi ya karibuni ruzuku imechelewa, walezi wawili wameondoka, na nikifika asubuhi ninamkuta mlezi mmoja na watoto wanane katika chumba cha wadogo. Nilipomuuliza mwenyekiti wa kamati aliniambia tatizo ni serikali. Nilipokwenda ofisi ya serikali inayosimamia vituo niliambiwa kituo ni cha wazazi na kamati ndiyo yenye dhamana. Baadhi ya wazazi wananiambia nisiwasumbue watu wanaojitolea bila malipo, wengine wananitaka nigombee ujumbe wa kamati katika mkutano mkuu ujao. Nani hasa anawajibika? Na je, nikubali kugombea?*

Ndugu mzazi, niruhusu nianze na mtoto kabla ya kamati. Mlezi mmoja kwa watoto wanane wa umri wa mwanao ni jambo la kushughulikiwa wiki hii, hata kama kila mtu katika kituo hicho ana nia njema, na halifai kungoja mkutano mkuu. Viwango vya nchi havifanani, lakini kwa watoto wadogo kiasi hicho baadhi ya nchi ni kali sana: Norway, tangu mwaka 2018, haimruhusu mfanyakazi mmoja kuhesabiwa zaidi ya watoto watatu walio chini ya miaka mitatu, na Australia inaruhusu wanne kwa walio chini ya miaka miwili. Sababu yake unaweza kuiona kwa macho yako ukisimama mlangoni. Mlezi akimlaza mtoto mezani ili ambadilishe nepi, mkono wake mmoja hauwezi kumwachia mtoto huyo, na kwa dakika hizo wengine saba hawana mtu. Ukizuka moto, mtu mzima mmoja atatoka na wachanga wawili, pengine watatu.

Kwa kuwa umesema hali hiyo unaikuta asubuhi, kuna jambo ningependa ulichunguze mwenyewe. Vituo vingi huhesabu uwiano kwa kugawa idadi ya watoto wote kwa idadi ya wafanyakazi wote wa siku hiyo, akiwamo mpishi na meneja aliye ofisini, na hesabu ikatoka nzuri. Uwiano wenye maana kwa mtoto ni ule wa chumba kimoja katika saa moja. Omba daftari la mahudhurio, lenye saa ya kila mtoto kuletwa na kuchukuliwa, pamoja na ratiba ya zamu za walezi, kisha uviweke sambamba kwa siku tano. Mara nyingi pengo hujitokeza saa ya kwanza ya kazi, saa ya walezi kula, na saa ya mwisho kabla ya kufunga. Ukiwa na karatasi hizo mbili mkononi, mwenyekiti hawezi kukujibu kwa kuitaja serikali, wala ofisa wa serikali hawezi kukujibu kwa kuitaja kamati, kwa sababu zinaonyesha chumba gani, saa ngapi, na watoto wangapi.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Mwenyekiti na ofisa kila mmoja alikueleza nusu ya ukweli, na akaitumia nusu hiyo kujikinga na nusu iliyomhusu. Ni kweli kwamba ruzuku ikichelewa kituo huyumba, na ni kweli pia kwamba kamati ndiyo mwajiri wa walezi na ndiyo inayoamua chumba kifunguliwe au kisifunguliwe. Kosa liko katika namna wote wawili wanavyouelewa uwajibikaji wa pamoja: wanaufikiria kama mzigo mmoja ulioshikwa na wengi, ambao ukianguka hakuna aliyeuangusha. Katika malezi ya watoto, wananchi na serikali wanashirikiana lengo, wanashirikiana fedha, na wanapaswa kushirikiana taarifa. Wajibu wenyewe haugawanyiki hivyo. Kila wajibu lazima uwe na mtu mmoja au chombo kimoja kinachotajwa kwa jina na kuulizwa habari zake, na pale ambapo mkataba kati ya kituo na serikali hautaji jina, ndipo kila upande utakapokuelekeza kwa mwenzake, kama ulivyoelekezwa wewe.

Wazo kwamba serikali inatoa ruzuku kwa hisani, na kwa hiyo haiwezi kudaiwa, halina msingi. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao karibu nchi zote duniani zimeuridhia, unawapa wazazi jukumu la kwanza la kumlea mtoto, lakini ibara yake ya 18 inaitaka serikali iwasaidie wazazi hao na ihakikishe kwamba taasisi na huduma za malezi zinakuwapo, ikiwataja waziwazi watoto ambao wazazi wao wanafanya kazi. Ibara ya 3 inakwenda mbali zaidi: inaitaka serikali ihakikishe kwamba taasisi zinazotunza watoto zinafuata viwango vilivyowekwa na mamlaka husika, hasa vya usalama, afya, idadi na sifa za wafanyakazi, na usimamizi unaofaa. Hakuna neno katika ibara hiyo linaloiondolea serikali jukumu pale ambapo kituo ni cha jamii au cha shirika lisilo la faida. Ofisa aliyekuambia kwamba kituo ni chenu alikuwa sahihi kuhusu umiliki. Kuhusu ukaguzi alikosea, kwa maana idadi ya walezi katika chumba chenye leseni ya serikali ni jambo linalomhusu.

Kwa upande wa pili, wazazi wanaokuambia usiwasumbue wanaojitolea wanachanganya shukrani na hesabu. Anayejitolea hadai mshahara, na anastahili kuzungumziwa kwa heshima na kusaidiwa pale muda wake unapokwisha. Lakini siku aliyokubali kutia saini hundi na mikataba ya ajira alichukua dhamana ya watoto na ya fedha za watu wengine, na dhamana hiyo haipungui kwa sababu hailipwi. Katika nchi nyingi sheria za vyama na mashirika zinalitambua hilo: mjumbe wa bodi asiyelipwa anatarajiwa kuwa mwangalifu, kusoma anachokitilia saini, na kutotumia nafasi yake kwa manufaa yake. Nimeketi na kamati nyingi za aina hii katika kazi yangu ya kuwashauri juu ya hesabu na uendeshaji, na zile zinazoulizwa maswali na wazazi kila mwezi ndizo ambazo wajumbe wake hudumu, kwa sababu tatizo hugunduliwa likiwa dogo na halimwangukii mweka hazina peke yake mwisho wa mwaka.

Kuna dhana ya tatu ambayo haimo katika swali lako lakini naiona nyuma yake, nayo ni kwamba kituo kisicho cha faida ni salama kwa asili yake. Henry Hansmann, mwanasheria na mwanauchumi wa Marekani, alieleza mwaka 1980 kwa nini watu huyaamini mashirika ya namna hii katika huduma ambazo mnunuzi hawezi kuzipima mwenyewe. Mzazi analipa, lakini anayepokea huduma ni mtoto asiyeweza kusimulia siku yake ilivyokwenda, na mzazi hayupo kuiona. Pale ambapo hakuna mwenye hisa anayeweza kujigawia ziada, kishawishi cha kupunguza walezi ili faida ipande hupungua. Maelezo hayo ni ya kweli, na yana mpaka wake. Ziada inaweza kutoka kwa mlango mwingine: kodi ya jengo la ndugu wa mjumbe, zabuni ya chakula isiyoshindanishwa, mshahara wa meneja usiojulikana na mkutano mkuu. Tena kuna kosa la upande wa pili, la kudhani kwamba kituo kisicho cha faida hakipaswi kubaki na fedha yoyote benki. Kinachokatazwa ni kugawana ziada. Kuiweka akiba ya kulipa mishahara ruzuku inapochelewa ni sehemu ya uendeshaji mzuri, na nikiwa mzazi hapo ningetaka kujua kama akiba hiyo iliwahi kuwapo, ilikuwa kiasi gani, na imetumikaje.

Hapo tunafika kwenye fedha, ambapo ndipo mambo ya kituo chenu yalipoanza kwenda mrama. Malezi ya watoto wadogo ni huduma ya mikono ya watu. Kwa sababu mlezi mmoja hawezi kuhudumia watoto wengi, mishahara humeza sehemu kubwa ya bajeti, mara nyingi zaidi ya nusu, na hakuna mashine wala ujanja wa kuipunguza bila kupunguza watu. Ada ikipandishwa, wazazi wa kipato cha chini huondoka; isipopandishwa, mshahara wa mlezi hubaki mdogo naye huondoka. Ruzuku ipo ili kuziba pengo hilo, na ndiyo maana ikichelewa kwa miezi, athari yake huonekana katika chumba cha wadogo, kwa kuwa huko ndiko kila mlezi anagharimu zaidi kwa kila mtoto. Kamati nyingi zikifika hapo hufanya jambo ambalo halionekani kuwa baya: hutumia fedha zilizotolewa kwa kazi nyingine, tuseme za mafunzo au za kukarabati uzio, kulipia mishahara, zikitumaini kuzirudisha. Ruzuku inapofika kaguzi huonyesha upungufu, awamu inayofuata inazuiwa, na pengo linakuwa kubwa kuliko lilivyokuwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kamati inayoiandikia serikali mapema kwamba haiwezi kutimiza uwiano wa leseni kwa sababu malipo ya awamu fulani hayajafika inalinda watoto, na inajilinda yenyewe, kuliko ile inayojikongoja kimya.

Hata hivyo sitaki lawama ziishie kwa kamati, kwa sababu mipango mingi ya ruzuku imepinda upande mmoja. Kituo hutakiwa kutoa taarifa ya mapato na matumizi kwa tarehe maalumu, na kuambatisha risiti na hati za malipo, na kikichelewa hupata adhabu. Serikali ikichelewesha fedha hailazimiki kumweleza mtu yeyote sababu. Huo ni uwajibikaji wa kupanda juu tu. Mkataba wa haki ungetaja tarehe ya malipo, ungetaja ofisa anayejibu, na ungekiruhusu kituo kupunguza idadi ya watoto kwa muda bila kupoteza leseni pale fedha zisipofika. Ikiwa mtagombania jambo moja kama wazazi, ningependa liwe hilo, na mligombanie pamoja na wazazi wa vituo vingine vinavyopokea ruzuku kutoka ofisi ileile.

Uholanzi ilionyesha madhara ya kuupindua mzigo huo kabisa kwa raia. Huko serikali hulipa msaada wa malezi kwa mzazi mwenyewe, na kwa miaka mingi mamlaka ya kodi iliwachukulia makumi ya maelfu ya wazazi kama wadanganyifu kwa makosa madogo ya karatasi, saini iliyokosekana au mchango wa mzazi ambao haukulipwa wote, kisha ikawadai warudishe msaada wa mwaka mzima. Familia zilizama katika madeni, na wenye uraia wa nchi mbili walichunguzwa zaidi ya wengine. Kamati ya bunge ilitoa taarifa kali Desemba 2020, na serikali ikajiuzulu Januari 2021. Mzazi alitakiwa kujibu kwa kila senti, huku ofisi iliyomdai ikikosa chombo cha karibu cha kuihoji hadi maisha ya watu yalipokuwa yameharibika.

Kuna mahali pamejitahidi kuugawa wajibu kwa uangalifu zaidi. Jimbo la Québec nchini Kanada lilianzisha mwaka 1997 vituo vya malezi visivyo vya faida ambavyo serikali huvipa sehemu kubwa ya fedha moja kwa moja, na sheria yake inataka angalau theluthi mbili ya wajumbe wa bodi wawe wazazi wa watoto wanaolelewa hapo ambao si waajiriwa wa kituo. Wazazi huajiri, hupanga bajeti na kusimamia meneja. Wizara hutoa leseni, hukagua na kudai hesabu za kila mwaka. Italia, kwa sheria ya mwaka 1971, ilivikabidhi vituo vya watoto wachanga kwa manispaa, lakini ikataka familia zishiriki katika uendeshaji. Mifumo hiyo ina udhaifu wake: Québec imekuwa na orodha ndefu za watoto wanaosubiri nafasi, na bodi ya wazazi hubadilika kila watoto wanapokua, kwa hiyo uzoefu huondoka pamoja nao. Lakini mtu akiuliza nani anaamua zamu za walezi na nani anakagua kama zinatosha, anapata majibu mawili tofauti yaliyo wazi.

Utauliza kwa nini tuhitaji njia zote mbili, ya kamati na ya serikali. Benki ya Dunia, katika taarifa yake ya maendeleo ya mwaka 2004, ilizitofautisha njia fupi na njia ndefu ya uwajibikaji: fupi ni mtumiaji kumbana mtoa huduma moja kwa moja, ndefu ni mwananchi kumbana kiongozi, naye kiongozi ambane mtoa huduma. Katika malezi ya watoto njia fupi ina kasi, kwa sababu wewe ndiye uliyeona watoto wanane, na hakuna mkaguzi anayekuja kila asubuhi. Lakini ina kasoro ambayo wazazi hawaisemi hadharani. Unamkabidhi mtoto wako asubuhi kwa mtu yuleyule uliyemlalamikia jana, na unahofu atalipiziwa; wala huwezi kuhama kwa urahisi, kwani kituo kingine kina foleni. Kwa sababu hiyo malalamiko ya mzazi mmoja mmoja hufifia, na kwa sababu hiyo serikali haipaswi kujificha nyuma ya hoja kwamba wazazi wana kamati yao.

Kwa hali yako, ningeanza na barua ya wazazi kadhaa kwa kamati, ikiambatishwa na yale uliyoyakuta katika daftari na ratiba, na ikiomba mambo matatu: uwiano wa kila chumba kwa kila saa ubandikwe mlangoni, kamati iseme ni saa zipi itapunguza watoto hadi walezi wapatikane, na taarifa ya fedha ya miezi ya karibuni isomwe kwa wazazi. Nakala iende kwa ofisi inayotoa leseni, na uombe muhuri wa kupokelewa. Malalamiko rasmi kwa mkaguzi yana hatari yake, kwani anaweza kufunga chumba na familia nyingi zikakosa pa kuwaacha watoto, na ningekudanganya nikisema hatari hiyo ni ndogo. Hata hivyo barua isipojibiwa kwa siku chache, na chumba kikabaki vilevile, ningepeleka malalamiko hayo. Kumwondoa mtoto ni haki yako, na kama una mahali salama pa kumpeleka kwa muda sikulaumu, ingawa watoto saba wengine watabaki.

Kuhusu kugombea, ningekushauri ukubali, kwa masharti. Kabla ya kutia jina lako omba kuona katiba ya kituo, leseni na masharti yake, mkataba wa ruzuku, taarifa ya mwisho ya ukaguzi wa hesabu, na mihtasari ya vikao vya mwaka uliopita. Kamati inayokunyima nyaraka hizo wewe mgombea imeshakujibu. Ukichaguliwa, pendekeza katika kikao cha kwanza kwamba mihtasari ioneshe jina la mjumbe anayebeba kila jambo na tarehe ya kulirudisha. Utakutana pia na mgongano wa maslahi wa kawaida kabisa: wewe mlipaji wa ada utaamua kiwango cha ada. Haukufukuzi katika kikao, lakini utamke, uandikwe, na wajumbe wasio wazazi, kama wapo, wasikilizwe kwa makini siku hiyo. Na ujipime muda. Mjumbe anayehudhuria kikao kimoja kati ya vitatu huongeza idadi ya watu wa kulaumiwa bila kuongeza macho ya kuwalinda watoto.

Kuna mambo ambayo ushauri wa maandishi haufai. Ukiona mtoto yeyote ana jeraha lisiloelezeka, au tabia ya mwanao ikabadilika ghafla na anaogopa mtu fulani, mpeleke kwa daktari na utoe taarifa siku hiyohiyo kwa mamlaka ya ulinzi wa mtoto au polisi, bila kupitia kamati kwanza. Ukihisi fedha zimeibwa, usianze kumtaja mtu hadharani. Andika ulichokiona na umwombe mkaguzi huru wa hesabu aingie. Na kama kituo kina madeni ya mishahara au ya kodi ya serikali, muone mwanasheria anayezijua sheria za mashirika za nchi yako kabla ya kukubali ujumbe, ukiwa na mkataba wa ruzuku mkononi, umuulize kama wajumbe wapya wanaweza kudaiwa binafsi kwa madeni yaliyotangulia na kama kituo kina bima inayowakinga.